Chalbi hadi Ziwa Turkana: nilichokiona na nilichokilipia

Kama unatafuta vilima vya mchanga vya kupanda na kupigia picha, Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, itakuvunja moyo. Nasema mapema kwa sababu tangazo lililonivuta mimi lilikuwa na mchanga mwekundu uliopanda hadi nusu ya picha, ngamia wamepangwa mstari, na chini yake maneno "Jangwa letu la Kenya". Picha ile haikupigwa Kenya. Chalbi ni bonde tambarare, jeupe kwa chumvi mahali fulani na kijivu kwa udongo mahali pengine, na unaweza kwenda masafa marefu bila kuona hata kichaka. Ukilikubali hilo kabla hujalipa, ni safari bora kuliko zote nilizowahi kulipia ndani ya nchi hii. Na mimi ni mtu wa Mombasa, nimezoea kwamba watu ndio hulipa kuja kuona kwetu.

Kampuni sitaitaja. Ni ya Nairobi, haijulikani sana, na kuna waliyoyafanya vizuri na waliyoyaharibu. Kifurushi kilikuwa gari aina ya landikruza kutoka Nairobi, dereva, mpishi, mahema, chakula na maji ya kunywa. Njia: Isiolo, Marsabit, Chalbi, Kalacha, North Horr, Loiyangalani, kisha kurudi kwa South Horr na Maralal. Hifadhi ya Sibiloi nayo ilikuwamo kwenye ratiba, imeandikwa kwa wino mzito. Tutafika huko.

Hadi Marsabit sina mengi ya kusema. Ni kilomita kama 550 kutoka Nairobi na zote lami. Wazee wanaokumbuka barabara ya Isiolo kwenda Moyale kabla ya lami watakwambia magari yalikuwa yakitembea kwa msafara wa polisi na safari ilimeza siku nzima na zaidi. Sasa unapita mlima Ololokwe ukiwa umeegemea kiti, unakata nyika ya Kaisut, halafu ghafla unapanda mlima wenye msitu na ukungu. Marsabit ni baridi. Beba sweta, hata kama watu wako nyumbani watakucheka kwamba unaenda jangwani na sweta.

Ziwa Paradise ndani ya hifadhi ya Marsabit limekaa ndani ya kasoko ya volkeno, limezungukwa na msitu pande zote. Tulilikuta maji yamepungua, nyati wamejaa ukingoni na ndovu wawili upande wa pili. Ndovu maarufu wa mlima huu alikuwa Ahmed, yule aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 kwa sababu ya pembe zake. Alikufa mwaka 1974, na ukienda Makumbusho ya Nairobi utaona mifupa yake. Hapa ndipo lalamiko langu la kwanza: ada ya hifadhi haikuwamo kwenye bei, na hakuna aliyetuambia hadi tulipofika getini. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawapokei pesa taslimu, ni eCitizen tu, yaani mfumo wa serikali wa kulipa mtandaoni, na mtandao pale ulikuwa wa kubahatisha. Mgeni mmoja katika gari letu ilibidi arudishwe mjini ili alipe. Asubuhi nzuri ikapotea hivyo.

Asubuhi iliyofuata dereva alitusimamisha, bila kuombwa, kwenye kasoko ya Gof Redo, kilomita chache kaskazini mwa mji. Haikuwa kwenye ratiba. Unashuka garini, unatembea hatua chache, na ardhi inaisha mbele yako. Chini kuna sakafu ya nyasi na mbuzi wadogo sana wakichungwa, na sauti ya mchungaji inakufikia wazi ingawa yeye mwenyewe humwoni. Nilitaka kukaa pale zaidi.

Halafu unaacha lami na kuelekea Maikona. Hapa ndipo unapojua umelipia dereva wa namna gani. Wetu alikuwa Mgabra, kabila la wafugaji wa huko, kijana wa makamo hivi, mpole, na nusu ya thamani ya safari hii ilikuwa yeye. Kwanza ni mawe meusi ya volkeno, kila moja ukubwa wa kichwa, yamemwagika hadi upeo wa macho. Gari linakwenda taratibu na meno yanagongana. Tulipata pancha pale pale, kwenye mawe. Alikuwa amebeba spea mbili na jeki ya maana, akamaliza kabla chai haijapoa. Kampuni ikikwambia ina spea moja, usipande.

Mawe yanaisha, ardhi inashuka, na unaingia Chalbi.

Nitajaribu kueleza, ingawa picha zangu zote zilitoka mstari mmoja mweupe chini na mwingine wa buluu juu. Njia zilitawanyika. Alama za magurudumu zilikwenda huku na huku, nyingine zikapotelea. Nikamwuliza dereva barabara ni ipi. "Hapa hakuna barabara, dada. Kila mtu na yake." Kisha akaelekeza gari kwenye kitu nilichodhani ni mitende imesimama ndani ya bwawa. Maji yalikuwa yanang'aa kabisa, na mitende ilikuwa na vivuli ndani yake. Tukaenda, tukaenda, bwawa likawa linarudi nyuma kwa mwendo ule ule wetu, mwishowe likafutika na mitende ikafutika nayo. Nilikuwa nimesoma juu ya mazigazi tangu shule ya msingi. Sikujua kwamba yanaweza kukuonyesha ngamia bila miguu, kiwiliwili kinaelea hewani kinakwenda zake, hadi ukikaribia ndipo miguu inaota mmoja mmoja.

Tuliomba asimame katikati. Nilishuka, nikatembea hadi sikusikia tena injini ikipoa. Uso wa ardhi umepasuka vipande vipande, na kila kipande kimejikunja kingo kwenda juu, mfano wa ukoko wa wali ulioachwa juani. Juu yake kuna unga mweupe. Nilipokanyaga ulivunjika kwa sauti, na kiatu kikazama kidogo: chini ya ule ukavu kulikuwa na tope jeusi, bichi, lenye harufu ya magadi. Katikati ya jua lile! Nikagusa unga kwa ulimi. Chumvi, halafu uchungu unaobaki kooni.

Dereva akasema ngamia huletwa huku kwa ajili ya chumvi hiyo, na kwamba tope hilo ndilo linalomeza magari. Mvua ikinyesha, hata ikiwa mbali huko kwenye vilima vya Huri au mlima Marsabit, maji hushuka na kutanda bondeni kwa sababu hayana pa kutokea. Wataalamu wa miamba wanasema miaka kama 10,000 iliyopita hapa palikuwa ziwa, wakati hali ya hewa ya Afrika yote ya mashariki ilikuwa na mvua kuliko sasa. Ziwa likakauka, chumvi ikabaki. Ukisimama pale huhitaji kushawishiwa sana. Unaona kabisa umesimama kwenye sakafu ya ziwa, na miinuko ya pembeni ndiyo ilikuwa pwani.

Basi, ratiba ya kampuni iliipa sehemu hii mstari mmoja: "Kuvuka Jangwa la Chalbi kuelekea Kalacha." Kuvuka! Wamechukua kitu kikubwa kuliko vyote walivyo navyo wakakifanya njia ya kupitia. Laiti dereva angefuata saa zao, tungeona Chalbi ya saa saba mchana peke yake, ambayo ni nyeupe, ina joto la kuvimbisha macho, na haina kivuli hata cha kidole. Chalbi ya kuona ni ya asubuhi mapema na ya alasiri kuanzia saa kumi na nusu, jua linapolala. Hapo kila ufa wa udongo unapata kivuli chake, chumvi inageuka rangi ya waridi, na vilima vya Huri upande wa kaskazini, ambavyo mchana havionekani kwa vumbi na mvuke wa joto, vinatokea vimesimama. Sisi tuliomba turudi jangwani jioni baada ya kufika Kalacha. Dereva alikubali, tukamlipia dizeli ya ziada. Kama kuna kitu kimoja utakachochukua katika maelezo haya, kiwe hicho: lala Kalacha usiku zaidi ya mmoja, na kataa ratiba inayokutoa alfajiri kukimbilia ziwani.

Usiku ule haukuwa na mwezi. Sisi wa Pwani tunajisifu kwa nyota za baharini, lakini Mombasa ina taa. Kule Kilimia kilikuwa karibu utosini, na badala ya zile nyota sita ninazozihesabu nikiwa Likoni, nilishindwa kuhesabu. Hakuna wa kukuuzia hilo, wala halikuandikwa popote kwenye ratiba.

Kalacha ni chemchemi ukingoni mwa jangwa. Maji yanatoka yenyewe ardhini, na pale yanapotoka kumeota mikoma kwa mamia, ndugu wa mikoma yetu ya huku Pwani, ile yenye shina linalogawanyika. Vibanda vya kambi vimeezekwa kwa majani yake. Saa kumi na mbili asubuhi toka nje, tafuta pa kukaa karibu na maji, na unyamaze. Kwanza wanakuja firigogo. Unawasikia kabla hujawaona, sauti zao zinatangulia, kisha kundi linapita juu ya kichwa kwa kasi, linageuka, linatua, linakunywa kwa pupa na kuondoka. Kundi jingine linafika. Hawachukui muda, na jua likishapanda hakuna hata mmoja. Baadaye wanakuja ngamia, na kengele za mbao shingoni zikigonga gonga bila haraka. Wanaokunywa hawasukumani. Wanaosubiri wanakaa mbali kidogo hadi waitwe, na mwenye kuwaita ni mtoto ambaye kwetu angekuwa bado anashikwa mkono kuvuka barabara.

Karibu na pale kuna mama mwenye kibanda cha chai. Tuliamkuana kwa asalam alaikum, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia bila kuniuliza nataka maziwa gani. Ina ladha ya moshi, kwa sababu vyombo vya maziwa hufukizwa kwa makaa ili maziwa yasiharibike upesi. Mwenzangu mmoja hakuimaliza. Mimi niliongeza kikombe, nikamwuliza mama kama angeweka tangawizi ingekuwaje. Akaniangalia kwa huruma. "Tangawizi ni ya maziwa ya ng'ombe, mama. Hii imetosha."

Wanyama wa porini msitarajie wengi. Tuliona choroa kwa mbali, na mbuni wa Kisomali, yule mwenye shingo na mapaja ya rangi ya kijivu kibuluu. Anayetaka simba aende Samburu au Mara.

North Horr ndiko walau kuna mchanga. Mji umekaa katikati ya vilima vidogo vya mchanga na mikoma, na upepo unausukuma mchanga hadi kwenye milango ya maduka. Ni vilima vya kimo cha nyumba, basi, lakini jioni watoto wanaviteleza kwa vipande vya madumu ya plastiki na wakakualika. Tulijaza mafuta hapo kutoka kwenye jerikeni, kwa bei juu kuliko Marsabit. Kupitia kijiji cha Gas hadi Loiyangalani ni mchanga, kisha mawe, kisha mawe tena.

Ziwa linakuja baada ya mteremko wa mawe meusi, na hapa matangazo yote ni ya kweli. Rangi ni kijani hasa, kijani cha mwani ulio ndani ya maji, na hubadilika upepo ukipiga au wingu likipita. Ni ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani na yasiyokauka, urefu wa kilomita zaidi ya 250. Karibu asilimia 90 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na halina mto wa kuyatoa. Yote yanayoingia huondoka kwa jua. Ndiyo maana yana magadi, na ndiyo maana bwawa la umeme la Gibe III juu ya mto huo lilizua kelele nyingi, hadi mwaka 2018 hifadhi za ziwa hili zikaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Wakati huohuo ufukweni nilioneshwa mahali ambapo maji yamepanda na kumeza nchi kavu. Yote mawili ni mambo ya ziwa hilohilo.

Kuogelea usifikirie. Kuna mamba wengi.

Kuhusu upepo wa Loiyangalani, hakuna aliyetuambia ukweli wote. Unaanza usiku, unashuka kutoka mlima Kulal, na hadi saa nne asubuhi bado unapiga. Mahema ya kampuni yalikuwa ya kupigia kambi Naivasha. Langu lilinilalia usoni, nguzo moja ikapinda, na mpishi akahamisha jiko ndani ya gari ili moto usizimwe. Dereva aligeuza landikruza ikawa ukuta, tukalala nyuma yake na leso zimefungwa usoni. Wenyeji wanajua kujenga: vibanda vya Waturkana ni vya mviringo, vifupi, upepo unapita juu yake tu. Tafuta nyumba ya wageni ya ukuta, zipo mjini, na gharama yake haizidi usumbufu wa hema. Huo upepo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme tuliyoipita baadaye kusini, ile yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa mwaka 2019. Umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Ukiiona kwa mara ya kwanza kwenye nyika ile tupu, unacheka peke yako.

Kijijini kwa Waelmolo, Layeni, tulikwenda kwa miguu na mwenyeji. Ni watu wachache, wavuvi, na wamechoshwa na wageni wanaonyooshea watoto wao kamera bila salamu. Malipo ya kijiji yalipatanwa kabla, kwa uwazi, na mzee mmoja alikaa nasi akituonyesha anavyotengeneza wavu wa nyuzi za mkoma. Nilikula ngege wa kukaanga na chapati hapo mjini, na naapa sikuwahi kufikiri nitasifu samaki wa bara.

Sasa Sibiloi. Ndiyo iliyonifanya nichague kampuni hii na si nyingine: hifadhi ya mwaka 1973, kuna mabaki ya viumbe wa kale huko Koobi Fora, na kuna magogo ya miti iliyogeuka mawe. Dereva alitueleza jioni moja, kwa aibu ambayo haikuwa yake, kwamba siku walizompa hazitoshi kwenda na kurudi, kwamba mafuta aliyopewa hayatoshi pia, na kwamba ofisi ilijua. Nikapiga simu. Nikaambiwa ratiba "hutegemea hali ya njia". Njia ilikuwa kavu kabisa, huu ulikuwa mwezi wa Januari. Nilivyofuatilia baada ya kurudi, walinirudishia sehemu ya pesa, nikiwa nimetuma ile karatasi yao yenye wino mzito.

Kurudi kwa South Horr ni starehe: bonde la kijani kati ya milima, mikuyu mikubwa, maji yanatiririka, na mwili unapumua. Karibu na Maralal simama Losiolo, ukingo wa Bonde la Ufa, ambapo nchi inaporomoka miguuni pako. Tulifika na mawingu, tukaona nusu.

Kwa atakayekwenda: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Epuka miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa sababu Chalbi ikilowa hakuna gari la kukuokoa litakalofika kwa urahisi. Tembea mchana tu, na hali ya usalama iulizwe Marsabit kwa wenyeji na polisi siku unayoondoka, kwani migogoro ya mifugo huibuka. Beba pesa taslimu kwa noti ndogo. Mtandao wa simu uko mijini, kati ya miji hakuna. Maji wakuandikie lita ngapi kwa mtu kwa siku, wasikwambie "yapo". Ulizia ada za hifadhi ziko ndani ya bei au nje. Ulizia mahema ni ya aina gani. Na ukiona Sibiloi kwenye ratiba fupi, mwulize anayekuuzia atalala wapi siku hiyo.

Dereva na mpishi nawapa nyota tano, ofisi yao mbili. Nitarudi, nikijaliwa, ila safari hii nina namba ya dereva.